Hesabu Inayoanzia Uwanja wa Ndege

Kiswahili kimemwonea kasuku. Mwanafunzi akimeza notsi bila kuelewa, tunasema anakariri kama kasuku. Mwanasiasa akirudia maneno ya mkubwa wake, naye kasuku. Mwandishi wa habari akinakili taarifa ya msemaji wa serikali nukta kwa nukta, wenzake chumba cha habari watamwita hivyo hivyo, na hapo naongelea fani yangu mwenyewe. Katika matumizi yote hayo kasuku ni mdomo usio na kichwa.

Ndege anayesingiziwa hivi ni kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu kama pilipili. Makazi yake ni misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, mpaka Kongo na Uganda, na ukingo wake wa mashariki unagusa Kakamega kule Kenya na Minziro kwetu Kagera. Pwani hayupo porini. Wengi wetu tumemjua akiwa ndani ya tundu tu, sawa na watu wa London na New York.

Mwaka 1977 mwanasayansi wa Marekani, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu wa umri wa mwaka mmoja hivi katika duka la wanyama jijini Chicago. Hakumchagua mwenyewe. Alimwachia mhudumu wa duka amchagulie, asije mtu akasema kwamba alitafuta ndege mwenye akili kupita kawaida. Akampa jina la Alex. Kwa miaka 30 iliyofuata, Alex alijifunza majina ya vitu vipatavyo 50, rangi saba, maumbo matano, na kuhesabu hadi sita. Ukimwonyesha vitu viwili, aliweza kukuambia kama vinafanana kwa rangi, kwa umbo, au kwa kile vilichotengenezwa nacho. Alikufa Septemba 6, 2007, na magazeti makubwa ya Marekani yakaandika tanzia yake kama ya mtu. Wataalamu bado wanabishana Alex alielewa kiasi gani cha alichokisema. Lakini kwamba nyuma ya ule mdomo kuna kichwa kinachofanya kazi, ubishi huo umekwisha.

Nimemtanguliza Alex kwa sababu alinunuliwa dukani. Kabla ya kuwa mwanafunzi maarufu, alikuwa bidhaa, na alikuwa mmoja kati ya ndege wengi mno waliopita katika biashara hiyo hiyo bila mtu kuwauliza rangi ya kitu chochote. Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia historia ya biashara hii ya wanyama wa kufugwa kwa mapenzi tu, kupitia sheria, ripoti na habari za karibu miaka mia moja. Swali langu ni la kihasibu: mnyama anaanza kuhesabiwa lini?

Kutoka juu ya mti

Kasuku hutegwa kwa ulimbo. Mtegaji anamfunga ndege mmoja aliyemkamata juu ya mti, awe chambo. Kasuku ni viumbe wa makundi. Wakimsikia mwenzao analia, wanakuja. Matawi yanayomzunguka yameshapakwa ulimbo au yamefungwa vijiti vilivyopakwa, na wakitua wananasa miguu na mbawa. Mtegaji anapanda, anawabandua mmoja mmoja, anawakata manyoya ya mbawa wasiruke, anawaingiza kwenye kikapu. Njia nyingine ni kuchukua makinda kwenye tundu la mti, na mara nyingine mti wenyewe huangushwa ili kulifikia hilo tundu.

Kuanzia hapo ni safari ya mtumbwi, pikipiki au lori, kutoka kwa mtegaji kwenda kwa mnunuzi wa kijijini, kwa dalali wa mjini, kwa msafirishaji mwenye leseni. Ndege aliyezoea kula matunda na kokwa za michikichi juu ya miti anapewa chochote kilichopo. Wengine wanagoma kula. Wengine wana vidonda vya ulimbo na vya kung'olewa manyoya. Wamesongamana, mgonjwa na mzima pamoja, na kasuku aliyezoea kulala katika kundi la mamia sasa yumo gizani ndani ya sanduku. Wanaokufa hutupwa njiani.

Wangapi? Takwimu za biashara ya kimataifa zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1975 na 2013 kasuku wa kijivu zaidi ya milioni 1.3 waliokamatwa porini waliingia sokoni. Makadirio ya wanaokufa kabla ya kusafirishwa yamekuwa kati ya asilimia 30 na 66, kutegemea nchi na mtafiti. Hebu chukua kalamu. Ukishika asilimia 30, ili wafike milioni 1.3 ilibidi watolewe msituni karibu milioni 1.9. Ukishika 66, inakuwa milioni 3.8. Baina ya hesabu hizo mbili kuna ndege karibu milioni mbili, na huwezi kwenda ofisi yoyote ukafungua daftari likakuambia kama waliwahi kuwepo.

Ajabu ni kwamba upande wa pili wa safari madaftari yapo. Baadhi ya nchi zilizoagiza ndege, Marekani na Uingereza zikiwemo, ziliandika waliofika wakiwa wamekufa na waliofia karantini. Kadiri mnyama anavyomkaribia mnunuzi, ndivyo kifo chake kinavyoandikwa vizuri zaidi. Kiswahili kinatutofautishia ndege wetu kwa upatanisho tu: ndege huyu anaruka, ndege hii inaruka. Katika biashara hii, mnyama huingia kwenye kumbukumbu siku huyu anapopakiwa ndani ya hii.

Kuku na sheria

Unaweza kudhani kwamba nchi tajiri zilianza kudhibiti biashara hii baada ya kuwahurumia ndege. Historia inaonyesha vingine.

Mwishoni mwa mwaka 1929 watu wa Marekani na Ulaya walianza kuugua nimonia ya ajabu, na wengine wakafa. Ilikuja kugundulika kwamba nyumbani kwao walikuwa na kasuku, wengi wao wakiwa wametoka Amerika ya Kusini na kununuliwa kama zawadi za Krismasi. Ilikuwa homa ya kasuku. Januari 1930 Rais Herbert Hoover akatoa amri ya kuzuia kasuku kuingizwa Marekani, na nchi nyingine zikafanya hivyo hivyo. Baadaye wanasayansi walielewa kwamba ndege anaweza kubeba vimelea vya homa hiyo muda mrefu bila kuugua. Ni msongamano, njaa na uchovu wa safari vinavyoyaamsha maradhi. Kwa maneno mengine, mateso ya ndege ndiyo yaliyokuwa yakiwafikia watu sebuleni. Lakini sheria haikuyagusa mateso. Iligusa homa.

Mara ya pili ilikuwa kusini mwa California, mwaka 1971. Safari hii ulikuwa mdondo, ule ambao wafugaji wengine huuita kideri, unaofagia banda zima la kuku kwa siku chache. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwa kasuku walioagizwa kutoka nje. Kabla haujadhibitiwa, kuku karibu milioni 12 walikuwa wameuawa. Mwaka 1972 Marekani ikasimamisha uingizaji wa ndege, na ilipofungua tena ilifungua kwa masharti ya karantini. Vile vituo vya karantini vilivyotuachia hesabu za vifo vilijengwa kwa ajili ya kulinda kuku.

Mara ya tatu tunaikumbuka wenyewe. Oktoba 2005 ndege walikufa katika kituo cha karantini huko Essex, Uingereza, na vipimo vikaonyesha virusi vya mafua ya ndege vya H5N1. Mwezi huo huo Umoja wa Ulaya ukasimamisha uingizaji wa ndege wa porini wa kufugwa, na kuanzia Julai 2007 zuio likawa la kudumu. Wakati huo Ulaya ndiyo ilikuwa soko kubwa kuliko yote duniani. Wanaharakati walikuwa wameshapiga kelele miaka mingi kuhusu ndege wanaofia kwenye masanduku, na kelele zao zilisaidia kuandaa njia. Kilichoufunga mlango kilikuwa kirusi.

Isije ikaonekana nawadharau wanaharakati hao. Marekani ilipitisha sheria ya kuhifadhi ndege wa porini mwaka 1992, na hiyo haikuhitaji kuku wafe kwanza. Mashirika ya ndege nayo, moja baada ya jingine, yalikataa kubeba ndege wa porini baada ya picha za masanduku yaliyojaa mizoga kuonyeshwa hadharani. Ila angalia picha zenyewe zilipigwa wapi: viwanja vya ndege na maghala ya mizigo. Mahali ambapo mwandishi anaweza kufika na kamera.

Swali ambalo mkataba hauulizi

Mtu atasema, si kuna CITES? Upo. Huo ndio mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliosainiwa Washington Machi 1973 na kuanza kazi Julai 1, 1975. Tanzania iliingia mwaka 1979. Mkataba una orodha ya kwanza, ambayo mnyama akiwekwa humo haruhusiwi kukamatwa porini na kuuzwa kibiashara. Na orodha ya pili, ambayo biashara inaruhusiwa kwa kibali. Kasuku wa kijivu aliwekwa orodha ya pili mwaka 1981 na akakaa humo miaka 35.

Niliposoma mkataba wenyewe, kilichonishangaza ni kwamba neno la ukatili limo. Afisa anayetoa kibali anatakiwa ajiridhishe kwamba mnyama hai ataandaliwa na kusafirishwa kwa namna ya kupunguza hatari ya kuumia, kuugua au kutendewa ukatili. Ni kifungu kizuri. Lakini kinaanza kufanya kazi mnyama anapoandaliwa kwa safari ya nje. Wiki zake za kwanza, tangu kwenye ulimbo hadi ghala la mjini, ziko nje ya karatasi. Swali kubwa la mkataba ni kama biashara hii itaimaliza spishi. Kama ndege sita walikufa ili wanne wapate kibali, na bado msitu una wengine, mkataba hauna pa kuliandika hilo.

Desemba 2010, mamia ya kasuku wa kijivu waliotoka Kongo walipandishwa ndege Johannesburg kwenda Durban. Ni safari ya kama saa moja. Karibu wote walitolewa wakiwa wamekufa. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Huko nyuma, misituni, idadi kama hiyo ilikuwa ikifa bila gazeti lolote kujua, kwa kuwa walikuwa wakifia kwenye vikapu.

Mwezi Oktoba 2016, katika mkutano uliofanyika Johannesburg hiyo hiyo, nchi wanachama zilipiga kura kumpandisha kasuku wa kijivu kwenye orodha ya kwanza. Hoja iliyoshinda ilikuwa kwamba spishi inakwisha: watafiti walikuwa wameonyesha kwamba Ghana, nchi iliyowahi kuwa na makundi makubwa, ilikuwa imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya kasuku wake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilibidi wakaribie kwisha ndipo wahesabiwe.

Ndege wa mapenzi

Watanzania tukiisoma habari ya Kongo ni rahisi kutikisa kichwa na kusema jirani ana matatizo. Turudi nyumbani basi.

Kusini mwa Ziwa Victoria hadi nyanda za Serengeti wanaishi kasuku wadogo wa kijani, shingo rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho. Wazungu waliwaita ndege wa mapenzi kwa jinsi dume na jike wanavyokaa wameegemeana. Kitaalamu wamepewa jina la Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani aliyepita huku miaka ya 1880. Hawaishi porini kwingine kokote nje ya Tanzania na vipande vya jirani yake. Mwaka 1987 ndege huyu alikuwa ndiye ndege wa porini aliyeuzwa kuliko wote katika biashara ya kimataifa. Yaani kuliko wote duniani. Nchi ilikuwa na kiu ya fedha za kigeni, wazee wetu wakipanga foleni za sukari na sabuni, na huku masanduku ya ndege wa mapenzi yakipakiwa kwenda Ulaya na Marekani.

Mapema miaka ya 1990 idadi yao porini ilikuwa imeporomoka kiasi kwamba usafirishaji ukasimamishwa. Ushahidi wa biashara ile umebaki mahali usipotegemea. Ukienda Naivasha, Nairobi, Mombasa au Tanga, utawaona kasuku wadogo wakipiga kelele kwenye miti ya mjini. Si wenyeji wa huko. Ni vizazi vya ndege waliotoroka au kuachiwa kutoka kwenye matundu, na Naivasha wamechanganyika na ndugu zao wa kichwa cheusi kutoka Tanzania ya kati hadi kupata machotara. Hakuna kibali kilichoandikwa kwa ajili yao, na ndiyo mara chache ambapo mnyama aliye nje ya karatasi yuko hai.

Mjusi wa Kimboza

Kama kasuku mwenye sauti na akili ya kuhesabu alichukua miaka mingi hivyo kuonekana, fikiria mjusi.

Chini ya milima ya Uluguru, Morogoro, kuna msitu mdogo wa hifadhi unaoitwa Kimboza, wa hekta 400 hivi. Ndani yake inaota mikadi, miti yenye majani marefu kama panga yaliyopangana kama taji. Katikati ya majani hayo anaishi mjusi mdogo kuliko kidole chako, ambaye dume lake ni la buluu inayong'aa kupita kiasi, jike likiwa na rangi ya kijani na shaba. Alielezwa kisayansi mwaka 1952 na Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kuwa afisa wanyamapori Tanganyika kabla ya kwenda Harvard. Nje ya Kimboza na vipande vichache vya misitu ya karibu, hayupo popote duniani.

Miaka ya 2000 wafugaji wa mijusi Ulaya waliiona ile buluu. Kuna maonyesho makubwa ya reptilia huko Hamm, Ujerumani, ambako watu hununua mijusi na nyoka kama sisi tunavyonunua mitumba. Mjusi wa Kimboza akawa wa kwenye fasheni. Watafiti waliofanya kazi msituni humo walichapisha makadirio mwaka 2012: kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakusanyaji lilitoa mijusi kati ya 32,310 na 42,610, ambayo ni kama asilimia 15 ya mijusi wote waliokuwepo pale. Namna ya kukusanya ilikuwa kukata mkadi mzima, uanguke, halafu kuokota mijusi kwenye majani. Kwa hiyo waliobaki msituni walipoteza nyumba pia.

Wakati wote huo mjusi huyu hakuwa kwenye orodha yoyote ya CITES. Kwa hiyo hapakuwa na kibali cha kimataifa wala kasma ya kumwandika. Kasuku alikuwa anakosa kuhesabiwa kati ya mti na uwanja wa ndege. Mjusi wa Kimboza alikosa hata huko uwanjani. Hesabu tuliyonayo imetoka kwa watafiti waliokwenda kuwauliza watu msituni na kuhesabu mikadi iliyokatwa. Ndiyo hesabu pekee katika makala yote haya iliyoanzia kwenye mti, na ilitosha kubadilisha mambo. Mwaka huo huo wa 2012 alitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na kwenye mkutano ule ule wa Johannesburg wa 2016, uliomwokoa kasuku, naye akaingia orodha ya kwanza.

Nisimbebeshe lawama yote mkusanyaji wa kijijini. Aliyekata mkadi alipata fedha ya unga na daftari za watoto. Mjusi aliyemkamata aliuzwa Ulaya kwa bei ambayo yeye asingeiamini. Biashara hii imewaficha wawili kwa wakati mmoja, mnyama na mtu wa kwanza anayemshika.

Miaka sita ya kwenye mabanda

Mwaka 2016 tumbili 61 walikamatwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakiwa tayari kusafirishwa kwenda Armenia. Kelele zikawa kubwa, bungeni na mitaani, na Mei mwaka huo serikali ikatangaza kusitisha usafirishaji wa wanyama hai wa porini kwenda nje kwa miaka mitatu. Wanaopenda wanyama tulishangilia. Muda ulipoisha, mlango ulibaki umefungwa.

Kisha Juni 2022 likatoka tangazo kwamba wafanyabiashara wanaruhusiwa, kwa miezi sita, kusafirisha wanyama waliobaki mikononi mwao tangu zuio la 2016. Mitandao ikawaka moto, na haukupita muda waziri akalisitisha tangazo. Mjadala ule ulikuwa wa kizalendo zaidi: wanyama wetu, twiga wetu, nchi yetu. Wachache sana waliuliza lile swali la kihasibu. Wanyama gani waliobaki? Hao waliokuwa kwenye mabanda mwaka 2016, ndege wadogo, mijusi, kobe, wangapi walikuwa bado hai baada ya miaka sita? Walikula nini, kwa fedha ya nani, wakati mwenye nao hawezi kuwauza na hajalipwa kuwatunza? Na kama baadhi walikufa, nafasi zao zingejazwa na akina nani ndani ya hiyo miezi sita?

Hayo si maswali ya kumtuhumu mfanyabiashara fulani. Wengi walikuwa wamelipia leseni na walichukuliwa na zuio ghafla, shehena zikiwa tayari. Ninachosema ni kwamba maswali haya yangejibika kwa dakika tano kama kungekuwa na daftari la wazi linaloanzia mtegoni: alikamatwa lini, wapi, na nani, alikuwa hai lini kwa mara ya mwisho. Benki inamdai mkulima wa korosho karatasi nyingi kuliko hizo. Zuio lilisimamisha masanduku yasiende uwanjani. Halikuwa na la kusema juu ya waliomo ndani ya mabanda, kwa sababu sheria yenyewe imezoea kuwaona wakishafika uwanjani.

Na wanaofika salama, je? Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi akitunzwa. Mara nyingi hufugwa peke yake, yeye ambaye msituni hakai saa moja bila kusikia sauti ya mwenzake. Wengi huanza kujing'oa manyoya wenyewe mpaka kifua kinabaki ngozi. Wenye nao huwapeleka kwa daktari wa mifugo, na daktari anaandika kwenye faili. Huko sasa kila unyoya unahesabiwa.

Nirudi kwenye lugha, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu. Kukariri kama kasuku maana yake ni kurudia ulichopewa bila kuuliza kilitoka wapi. Kila siku tunasoma kwamba wanyama elfu kadhaa walisafirishwa kihalali, kwamba idadi fulani waliokolewa, na tunazirudia idadi hizo kwenye habari zetu kana kwamba ndizo idadi za wanyama. Ni idadi za waliofika. Alex aliulizwa mara nyingi kwenye sinia kuna vitu vingapi, na ilipotokea hakuna kundi lenye idadi aliyoulizwa, alijibu kwa Kiingereza kwamba hakuna. Aliona pengo akalitaja. Hilo ni zaidi ya kinachofanywa na fomu za forodha, na ni zaidi ya kinachofanywa na sisi tunaozinukuu.